Hata jani lina kemikali

Jumamosi nilimkuta shangazi yangu uani amechuma karai zima la majani ya vinka, ule mmea wa maua ya rangi ya waridi unaopandwa kwenye makopo mbele ya nyumba. Ana sukari, na ujumbe wa WhatsApp ulimwambia majani hayo yanatibu sukari na saratani: chemsha, kunywa kikombe asubuhi na jioni. "Ni ya asili, mwanangu. Hayana kemikali."

Ujumbe ule una chembe ya ukweli, ndiyo maana unanitisha. Mmea huo, ambao kwao ni Bukini (Madagaska), umejaa alkaloidi, yaani kemikali zenye nitrojeni, nyingi zikiwa chungu, ambazo mimea hujikingia dhidi ya wanaoila. Kwinini ya magome ya sinkona imo katika kundi hilo, na mofini ya afyuni pia.

Huko Kanada katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer walichunguza majani yake yaliyotoka Jamaika, yakisifiwa vilevile kwa kisukari. Panya walionyweshwa, sukari haikushuka. Waliodungwa walikufa kwa maambukizi, kwa sababu chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Kilichowaua panya wale ndicho kilichozaa vinblastini mwaka 1958, na baadaye ikaja ndugu yake, vinkristini. Dawa hizi huzuia seli kugawanyika. Kwa vinkristini watoto wengi wamepona leukemia, yaani saratani ya damu, na hata saratani ya uvimbe wa taya ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Kampala.

Lakini vinkristini hiyo hiyo hufanya vidole vife ganzi, na hudungwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, huua. Daktari huipima kwa miligramu. Mamia ya kilo za majani makavu huhitajika kupata gramu moja. Sufuria ya shangazi itampa kiasi gani, na cha alkaloidi ipi? Hakuna ajuaye.

Sipingi mitishamba, nimekulia kwenye mwarobaini. Ninachokataa ni neno "asili" kugeuzwa cheti cha usalama. Na nyinyi wauguzi na madaktari, nawaombeni: mgonjwa akija, muulizeni anakunywa nini nyumbani, na mumuulize bila kumkaripia. Shangazi alikuwa kliniki Alhamisi. Hakuulizwa, naye hakusema.