Siku Niliyogeuka Fundi Mitambo

Kilichoniponza ni kuwahi. Ningefika ukumbini saa moja usiku kama watu wenye akili zao, haya yasingenikuta. Lakini shabiki wa kweli hufika wakati viti bado vimebebana pembeni.

Kuna bendi naipenda mno, ya watu wanne: dada anayeimba na kucharaza gitaa, kaka wa banjo, binti wa fidla, na jamaa mmoja mrefu, mkimya, wa lile besi la kusimama lenye ukubwa wa kabati. Hawana ngoma, hawana kinanda, hawana tajiri nyuma yao. Wana gari moja linalokohoa na nyimbo ambazo zikikukuta na mawazo zinakumaliza. Walipotangaza ziara ya miji midogo saba kwa siku tisa, nikaomba likizo, nikatia nguo kwenye begi la mgongoni, nikawa nawafuata kwa basi.

Mji wa kwanza nilitokwa na machozi. Katikati ya wimbo wa tatu dada alinyamaza ghafla, akacheka kwa aibu, akasema ubeti umemtoka. Akatusimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akimwimbia wimbo huohuo, akikosea maneno kila siku na kumlaumu paka. Kisha akakumbuka, akaendelea. Ukumbi mzima ukayeyuka. Nikajiambia, bahati iliyoje kuwepo siku aliyosahau!

Mji wa pili akasahau tena. Ubeti uleule. Paka yuleyule.

Sikukasirika. Nilijiona nimekaribishwa jikoni kwao. Ila sasa nilijua paka anatokea wapi, nikacheka kabla hajatajwa. Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu aligeuka akanitazama kama mtu niliyecheka msibani.

Kufikia mji wa tatu sifa zilikuwa zimeshanivimbisha kichwa. Ndani ya basi nilimkamata jirani yangu aliyetaka kulala, nikamweleza kwamba mababu wa banjo ni vyombo vya Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia: kibuyu, ngozi na kijiti kirefu. Nikamweleza kwamba waliochukuliwa utumwani ndio waliovuka bahari na ujuzi ule, na kwamba ule uzi wa tano mfupi haufiki kwenye kichwa cha banjo bali umefungwa njiani, ubavuni mwa shingo. Alikuwa ameshaanza kukoroma. Nikamalizia na uzi wa nne.

Basi bwana, saa tisa alasiri nikatokea ukumbini. Fulana nyeusi ya bendi, begi mgongoni, waya wa kuchajia simu ukining'inia nyuma kama mkia. Mlinzi wa ukumbi, mzee mmoja mwenye rundo la funguo, akanitazama juu hadi chini.

"Kijana, wewe ndiye wa mitambo?"

Fundi wa ukumbi, akanieleza, aliamka na jino, shavu limeumuka, haji. Kamtuma mtu mwingine.

Nilikusudia kusema, "Hapana mzee wangu, mimi mtazamaji tu." Kilichotoka mdomoni ni, "Mikisa iko wapi?"

Hiyo mashine ya kuchanganya sauti za vyombo ilikuwa kwenye kona ya nyuma, kando ya kabati la mafagio. Vitufe vya kuzungusha safu kwa safu, chini yake vile vya kusukuma juu na chini, na kila kimoja kina kipande cha karatasi ya gundi chenye mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka. Kimoja kiliandikwa "mwenyekiti", kingine "yule mwingine". Najua banjo imetoka wapi duniani. Sikujua hata hilo dude linawashwa wapi. Mzee ndiye aliyeliwasha, akidhani namjaribu.

Bendi ilifika imechelewa, pancha njiani, zimebaki dakika arobaini milango ifunguliwe. Kaka wa banjo aliniona akakunja uso. "Si wewe ulikuwa umekaa mbele jana?"

"Huyu ndiye fundi," akasema mzee. Na watu wenye haraka hawaulizi maswali mawili.

Wakachomeka vyombo, wakatyuni, wakajaribu. Na amini usiamini, sauti ilitoka nzuri! Fundi mwenye jino alikuwa ameacha kila kitu kimepangwa vizuri, na mimi kwa woga sikugusa kitu. Nilikunja mikono, nikawa natikisa kichwa polepole kama daktari anayesikiliza kifua. Binti wa fidla akaniita, "Kaka, niongezee kidogo huku kwangu, sijisikii." Nikashika kitufe cha kwanza kilichokuwa karibu, nikakizungusha kwa madaha. Baadaye niligundua kilikuwa cha maikrofoni isiyokuwepo.

"Hapo sawa?"

"Hapo safi kabisa! Asante sana."

Jamani, nilikuwa nimeongeza hewa. Ila neno "asante" kutoka jukwaani lilinilevya vibaya.

Watu thelathini na mmoja waliingia. Niliwahesabu kwa macho ya mwenye nyumba. Nyimbo mbili za mwanzo zilikwenda vizuri, tena nilimwona mzee akinipa dole. Ukafika wimbo wa tatu, ule wa kusahau, ambao dada huuimba kwa sauti ya chini kama anayeongea na mtoto aliyelala. Huko nyuma bibi mmoja akaweka kiganja sikioni. Moyo ukaniambia, msaidie bibi wa watu. Nikasukuma kidogo gitaa. Bibi bado kiganja sikioni. Nikasukuma tena.

Ndipo nikasikia "mmmmm". Chini sana, tamu, kama watu wanaofuatisha wimbo kwa midomo iliyofungwa. Nikadhani ukumbi mzima umeguswa. Nikafumba macho, nikaungana nao. Mmmmm.

Hawakuwa watu. Siku hizi naweza kukueleza: gitaa la mbao ni tumbo lililo wazi. Sauti ya spika inaingia humo, mbao inatikisika, mtikisiko unarudi kwenye spika ukiwa mkubwa zaidi, spika inautupa tena tumboni, na duara halina mwisho. Ukipandisha sauti kupita kiasi, gitaa linajipiga lenyewe. Mimi nilikuwa nimelipandisha, kisha nikafumba macho na kuliitikia.

Nilipofumbua, mmmmm ilikuwa imekua ng'ombe. Vioo vya madirisha vilicheza. Dada alikuwa amezishika nyuzi kwa viganja vyote viwili kama anayeziba bomba lililopasuka. Nikavuta chini kitufe cha "mwenyekiti", banjo ikatoweka. Nikasukuma "yule mwingine", pumzi za jamaa wa besi zikajaa ukumbini, kumbe kaka wa watu ana mafua. Ng'ombe anazidi. Watoto wameziba masikio, wanafurahi. Nikafanya ambacho mtu yeyote wa mitambo angekufa kabla ya kukifanya: nikashika kebo ya gitaa nyuma ya mikisa, sauti ikiwa juu vilevile, nikaichomoa.

PAA!

Mlipuko wa spika ndani ya ukumbi mdogo si wa kuhadithiwa. Jamaa wa besi alijikunja akapotea nyuma ya besi lake, na kwa mara ya kwanza nikaelewa faida ya chombo kikubwa. Spika moja ikatoa kikohozi, ikazima. Kimya. Watu thelathini na mmoja wakageuka kutazama kona ya mafagio, nami nimesimama na kebo mkononi kama mtu aliyekamatwa na mkia wa ng'ombe wa jirani.

Kilichofuata sikukiona vizuri. Bendi iliteremka jukwaani, ikajipanga katikati ya viti na kuanza kupiga hivyohivyo, kwa mikono na vifua vyao tu. Wanasema ilikuwa tamu ya kupagawisha. Bibi wa kiganja, nasikia, alikuwa hatua mbili kutoka kwenye fidla. Mimi niliyesafiri miji mitatu kwa ajili yao sikuambulia kitu zaidi ya migongo, kwa sababu mzee alikuja na tochi, akaniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya kabati, akasimama mbele yangu hadi mwisho.

"Usiguse," alisema.

"Sigusi, mzee wangu."

"Hata ufagio."

Yule fundi aliyetumwa alitokea saa mbili na nusu. Basi lake lilikuwa limechelewa. Alitazama mikisa, akanitazama, akaomba tochi.

Mji wa nne nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nimevaa shati la kawaida. Ukafika wimbo wa tatu. Dada akanyamaza, akacheka kwa aibu. Nikamsubiri paka. Paka hakuja. Akasema, "Jana kuna fundi mitambo mmoja..."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Jirani yangu akanigusa bega, akaniuliza kama naamini kisa hicho ni cha kweli.

"Wapi!" nikasema. "Mjinga wa kiasi hicho hawezi kuwepo."

Mji wa tano nilikuwa nimechomoa kebo kwa meno. Mji wa sita watu wawili walitokea dirishani. Mji wa saba nilisahau kabisa kuona haya. Dada alipoinama tu kwenye maikrofoni na kusema "kuna fundi", kicheko kikanitoka, kikubwa, peke yangu, kabla hajafika hata kwenye mmmmm.

Mama wa mbele yangu akageuka kunitazama.