Mchambuzi wa data aitwe kabla jani halijachumwa

Kila anayechambua data za vinasaba anaijua ile simu: "Majibu ya mashine yametoka, mafaili ni 24, hebu tuangalizie kuna nini." Mafaili yanakuja. Karatasi ya maelezo haiji, au inakuja na safu mbili tu, namba ya sampuli na jina la kijiji. Msimamo wangu ni kwamba simu hiyo imechelewa kwa miezi. Kwenye kazi ya RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, mengi ya yale ambayo kompyuta itaweza kuyasema huamuliwa shambani na kwenye kinu cha kusagia majani, wakati ambapo mtu wa kompyuta hata hajaambiwa kama kuna mradi.

Tuchukue muhogo. Batobato na michirizi kahawia hukaa shamba moja, mara nyingi mmea mmoja, na yote mawili huenezwa na nzi weupe na pingili zenye ugonjwa. Lakini ndani ya jani ni vitu viwili tofauti kabisa. Virusi vya batobato ni vya DNA: duara mbili, kila moja ina besi (herufi za kinasaba) zipatazo 2,800. Michirizi kahawia, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza na mtafiti Storey kule Amani, Tanganyika, mwaka 1936, hutokana na virusi vya RNA vya aina mbili, CBSV na UCBSV, kila kimoja kikiwa uzi mmoja wa besi karibu 9,000. DNA ni mvumilivu. Jani likikaushwa vizuri katikati ya magazeti, batobato utaupima hata wiki kadhaa baadaye. RNA haina subira hiyo: vimeng'enya vya kuikata vimo ndani ya jani lenyewe, vimo kwenye jasho la vidole, vimo juu ya meza.

Swali la kwanza, basi, ni jani lipi. Batobato hujionyesha kwenye majani machanga ya juu. Michirizi kahawia huonekana zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini, na virusi vyake havisambai sawasawa mwilini mwa mmea. Timu inayochuma jani la tatu kutoka juu kwa kila shina, kwa sababu ndivyo ilivyozoea kwenye batobato, itaandika "hakuna" kwa mmea ambao ukiung'oa unakuta mizizi ina uozo mkavu wa kahawia. Kama unachotaka kujua ni upo au haupo, chuma ya chini na ya katikati, changanya, pima. Kama unataka kujua mmea unajibuje, yaani jeni zipi zimewaka na zipi zimezimika, usichanganye chochote, na tia jani kwenye naitrojeni ya kimiminika, inayogandisha papo hapo, palepale shambani. Jani lililokatwa halilali: ndani ya dakika chache linaanza kubadilisha jeni zake kwa sababu ya jeraha lenyewe.

Na angalia saa. Shamba la mimea mizima likichumwa saa mbili asubuhi na la mimea migonjwa saa sita mchana, uchambuzi utaleta orodha ndefu ya jeni zilizotofautiana, na nyingi kati yake zitakuwa jeni za saa ya mmea, zinazopanda na kushuka kila siku kufuata mwanga. Hakuna programu inayoweza kutenganisha ugonjwa na jua la mchana ikiwa viwili hivyo vimekwenda pamoja kwenye kila sampuli. Hili lingezuilika kwa kuchanganya zamu za kuchuma, gharama yake ikiwa ni kutembea zaidi.

Sasa tuje mezani. Jani la muhogo limejaa sukari ndefu na rangi za kifenoli, ndiyo maana dawa nyingi za haraka huishia kukupa ute wa kahawia unaogoma kupita kwenye pipeti. Njia ya CTAB, sabuni ya maabara inayopasua seli, bado inanishawishi zaidi. Saga miligramu 100 za jani kwenye naitrojeni mpaka ziwe unga mweupe-kijani. Zikianza kuyeyuka kabla ya kuwa unga, umeshachelewa. Tia kwenye mililita moja ya CTAB ya asilimia 2, yenye PVP (kemikali inayoshika fenoli) asilimia 2 na chumvi ya molari 2, iliyopashwa moto hadi nyuzi 65, na beta-merkaptoethanoli asilimia 2 iongezwe wakati huohuo wa kutumia, chini ya kabati la hewa. Dakika 15 za joto. Kisha kloroformu na alkoholi ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, ujazo sawa, zungusha, chukua maji ya juu, rudia. Tamaa huharibu hapa: ukinyonya mpaka mpakani unabeba uchafu uliokuwa unaukimbia. Acha mikrolita 100 za mwisho ziende zake. Halafu lithiamu kloraidi ya molari 10, robo ya ujazo ulionao, ili ibaki molari 2, na usiku mzima kwenye nyuzi 4.

Hapo kwenye lithiamu ndipo mfano mzuri kuliko yote ulipo. Lithiamu kloraidi inapendwa kwa sababu inashusha RNA na kuiacha DNA nyingi juu. Lakini RNA fupi sana haishuki vizuri nayo. Na mmea unaopigana na virusi huvikata kuwa vipande vya besi 21 hadi 24, ambavyo vikisomwa kwa wingi na kuunganishwa na kompyuta, jenomu ya kirusi, yaani mfuatano wake wote wa kinasaba, huweza kujengwa upya hata kama hakuna aliyejua kwamba kirusi hicho kipo. Mtafiti Kreuze na wenzake walilionyesha hilo kwenye viazi vitamu mwaka 2009. Mtu akipanga kusoma vipande hivyo vifupi, kisha fundi wa maabara akatumia lithiamu kwa mazoea, amemwaga kwenye sinki kilekile alichotumwa kukitafuta. Hakuna aliyekosea kazi yake. Hawakukaa kikao kimoja, basi.

Kuhusu kupima usafi sitakawia: kwa mwanga unaofyonzwa kwenye mawimbi ya nanomita hizo, uwiano wa 260 kwa 280 uwe karibu 2.0, na wa 260 kwa 230 usishuke sana chini ya 1.8, maana ukishuka ni sukari na fenoli zimebaki. Ila namba nzuri ya usafi haisemi kama RNA ni nzima au imekatikakatika. Hilo huonekana kwenye jeli, na kwa majani usishtuke ukiona bendi zaidi ya mbili. Kloroplasti, chembe za kijani za jani, zina RNA zake za ribosomu, na mashine zinazotoa alama ya uzima huweza kuzihesabu kama uchakavu.

Watu wengi wangetosheka na RT-qPCR, kipimo kinachogeuza RNA kuwa DNA na kuizidisha kwa mizunguko huku kikiihesabu, na wasiagize usomaji wa jenomu nzima. Ni ya bei nafuu, hutoa jibu siku hiyohiyo, na inatosha kwa swali la mkaguzi wa pingili. Inachohitaji ni nidhamu ya kusoma namba. Chukua mimea miwili: A ina Ct ya virusi 22, B ina 26. Ct ni mzunguko ambao ishara inaanza kuonekana; ikiwa ndogo, virusi ni vingi. Kila mzunguko mmoja ni maradufu, kwa hiyo tofauti ya minne ni mara 16, na kwenye ripoti itaandikwa kwamba B anavumilia virusi. Halafu unaangalia jeni ya muhogo wenyewe iliyopimwa sambamba: A ana 18, B ana 22. Tofauti ni ileile minne. B hakuvumilia chochote. RNA yake ilitiwa kidogo mara 16, au ilikuwa chafu. Ripoti isiyo na safu ya jeni ya mmea isipewe hata muda wa kusomwa.

Uchafu nao una kipimo chake rahisi. Zimua sampuli mara kumi, pima tena. Ct inapaswa kupanda kwa 3.3 hivi. Ikipanda kwa moja tu, au ikashuka, basi kuna kitu ndani kinachokaba kimeng'enya, na "hakuna virusi" yako ya awali ni ya kutiliwa shaka. Weka pia shimo lisilo na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA. Hilo likitoa ishara, unachokipima ni DNA iliyobaki. Na praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, zilinganishwe na mifuatano mingi ya CBSV na UCBSV kabla ya kuagizwa, kwa sababu virusi hivi hutofautiana sana, na besi mbili zisizolingana kwenye ncha ya 3' ya praima zinatosha kukupa sahani nzima ya majibu safi ya uongo. Kulinganisha huko ni kazi ya kompyuta ya asubuhi moja. Ifanyike mwanzoni.

Watu wakisikia mashine ndogo ya kusoma vinasaba iitwayo MinION wanaona mambo yamekwisha. Na kweli, mwaka 2019 kundi la watafiti waliofanya kazi Tanzania, Uganda na Kenya lilichapisha jinsi lilivyotambua virusi vya muhogo palepale shambani, chini ya mti, siku hiyohiyo. Kazi ya kuheshimiwa. Ila tazama walichokitoa kwenye jani: DNA. Kwa michirizi kahawia unarudi kulekule kwenye RNA, barafu na hatua ya kugeuza, na wepesi wa mashine hauondoi hata moja kati ya hizo.

Mafaili yakishafika, udanganyifu wa kawaida ni mdogo na mtulivu. Sampuli ya mmea mzima, uliokuzwa kwa tishu ndani ya chupa, inaonyesha vipande 12 vya CBSV kati ya milioni 10. Wengine watatangaza virusi vilivyojificha. Kabla ya hapo, tazama jirani yake kwenye mashine: kama ana vipande milioni mbili vya kirusi hichohicho, huenda ni lebo (vipande vya DNA vinavyotambulisha kila sampuli) zilizohama kutoka sampuli moja kwenda nyingine, jambo linalojulikana vizuri kwenye mashine za kisasa. Ndiyo maana mmea usio na virusi lazima upite njia nzima, kuanzia kinuni hadi kwenye mashine, pamoja na wengine. Kiwango chako cha kusema "upo" kinatoka kwake. Asipokuwepo, kila namba ndogo inageuka mjadala wa imani.

Kwenye kulinganisha jeni hali ni ngumu zaidi. Muhogo una jeni karibu 33,000. Ukikubali kikomo cha 0.05, yaani nafasi ya asilimia 5 ya kudanganywa na bahati kwa kila jeni, bila kurekebisha kwa wingi wa majaribio, jeni karibu 1,650 zitajitokeza "muhimu" hata kama makundi mawili hayana tofauti yoyote. Programu kama DESeq2 hurekebisha hilo, lakini zinataka hesabu ghafi za vipande, si hesabu zilizokwisha kusawazishwa, na zinataka mimea tofauti. Jani moja lililopimwa mara tatu ni mmea mmoja. Mitatu kwa kila kundi ndiyo chini kabisa; sita ni afadhali sana, na hela ya kuipata hupatikana kwa kusoma kila sampuli kwa kina kidogo zaidi. Vipande milioni 20 kwa sampuli, kwa mimea sita, vitakupa mengi kuliko milioni 40 kwa mitatu.

Jibu ninalolisikia ni kwamba wachambuzi ni wachache na hawana muda wa kukaa kwenye vikao vya kuchuma majani. Wachache, ndiyo. Lakini mchambuzi huyohuyo mchache atatumia wiki tatu kujaribu kuokoa data ambayo saa moja ya mazungumzo ingeinusuru. Katika saa hiyo aulize: nani anatoa RNA siku gani, na je, wazima na wagonjwa wamegawanywa kila siku, au wazima wote Jumatatu na wagonjwa wote Jumanne? RNA fupi inahitajika? Mmea usio na virusi uko wapi? Na karatasi ya shambani iwe na safu za tarehe, saa ya kuchuma, nafasi ya jani kwenye shina, aina ya muhogo, umri wake kwa miezi, dalili za jani, dalili za mzizi, jina la aliyechuma, na iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika ethanoli ikimwagika.