Tunisia: Wanawake kwenye orodha, wanawake kwenye madaraka

Mwaka 2011, miezi michache baada ya Rais Ben Ali kukimbia nchi, Tunisia ilipitisha kanuni ambayo hata nchi nyingi za Ulaya hazina: kila orodha ya wagombea ipange majina kwa kupishana, mwanamume kisha mwanamke, hadi jina la mwisho. Kwa wanawake wengi wa mrengo wa kisekula, wasiotaka dini iongoze siasa, huo ulikuwa ushindi, na waliyemhofia zaidi alikuwa Ennahda, chama cha Kiislamu.

Matokeo yakaja kivingine. Wanawake 49 waliingia katika bunge la katiba lenye viti 217, na 42 kati yao walikuwa wa Ennahda. Hakuna muujiza hapo: kura zilipigiwa orodha nzima, na viti viligawiwa kuanzia jina la kwanza. Vyama vingi vya kisekula viliwaweka wanaume kileleni mwa orodha, na katika majimbo mengi vikaambulia kiti kimoja, kikachukuliwa na namba moja. Ennahda walipata viti viwili, vitatu, hata zaidi jimboni, ndipo namba mbili akapenya.

Je, wanawake hao walisaidia wanawake? Mwaka 2012 rasimu ya katiba ilimtaja mwanamke kuwa anayemkamilisha mwanamume ndani ya familia, na miongoni mwa walioitetea walikuwamo wabunge wanawake wa Ennahda. Maelfu wakaandamana mjini Tunis Agosti 13, siku ya kukumbuka sheria ya familia ya 1956 iliyopiga marufuku ndoa za mitala. Kifungu kikaondolewa. Wapinzani wa kanuni ya kupishana huushika mfano huu: mnahesabu vichwa, wanasema, wakati anayeamua ni mkubwa wa chama aliyepanga orodha. Hoja ina uzito. Wanaofuatilia mijadala ya viti maalumu Tanzania wameisikia sana. Lakini nani alisema wanawake wote lazima wawe na msimamo mmoja? Wanaume hatuwadai hivyo.

Tena usekula peke yake hauna dhamana. Kwenye uchaguzi wa mabaraza ya miji wa 2018 kanuni ilikazwa: wanawake waongoze pia nusu ya orodha za kila chama. Wakapata asilimia 47 ya viti. Souad Abderrahim, mfamasia asiyevaa hijabu aliyesimama kwa tiketi ya Ennahda, akawa meya wa kwanza mwanamke wa Tunis. Ofisa mmoja wa Nidaa Tounes, chama kilichojinadi kwa usasa, alisema mwanamke hafai umeya wa Tunis kwa sababu hataweza kuhudhuria msikitini usiku wa 27 wa Ramadhani!

Kisha akaja Rais Kais Saied. Septemba 2021, wiki chache tu baada ya kujitwalia madaraka yote, alimteua Najla Bouden kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika nchi ya Kiarabu. Vichwa vya habari vilishangilia. Lakini kwa amri ya Saied mwenyewe, waziri mkuu alikuwa anawajibika kwa rais, na Agosti 2023 Bouden akaondolewa bila maelezo.

Sheria ya uchaguzi ya 2022 ndiyo iliyouma zaidi. Saied alifuta orodha: mpiga kura amchague mtu, si chama. Kwa nchi iliyochoshwa na vyama, wazo hilo lilikuwa na mvuto wa kweli, nami siwalaumu waliolikubali. Ila kanuni ya kupishana ilizikwa pamoja na orodha, na ruzuku ya kampeni ikafutwa. Mgombea alitakiwa kuleta saini 400, nusu yake za wanawake. Yaani wanawake walihitajika kama wadhamini, huku wagombea wanawake wakiwa karibu asilimia 12 tu, na waliopata ubunge asilimia 16 hivi. Machi 2023 mabaraza ya miji nayo yakavunjwa, likiwamo la Abderrahim.

Abir Moussi, kiongozi wa chama cha Free Destourian na hasimu mkubwa wa Ennahda, alikamatwa Oktoba 2023. Hakuhitaji kanuni ya kupishana ili awe kinara wa chama chake, wala kanuni hiyo, hata ingekuwapo, isingemkinga na jela. Wanaharakati wanaotaka irudishwe wanajua hilo vizuri, na bado wanaidai. Nadhani wana haki: mabaraza yale ya 2018 ndiyo mahali pekee ambapo wanawake wa Tunisia walikaribia nusu ya viti, na hawakufika pale kwa hisani ya rais.