Kahawa ya Mbozi na ubia wa Ulaya: anayelipa hajaulizwa

Tangu mkutano wa Lisbon wa mwaka 2007, Ulaya na Afrika zimekuwa zikiandika kwamba zinataka ubia wa walio sawa. Brussels, Februari 2022, ikatangazwa ahadi ya uwekezaji wa euro bilioni 150. Siyabezi hayo. Ila huku Mbozi, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mkulima wa kahawa anaupima ubia kwa kinachobaki mkononi baada ya makato ya AMCOS, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, na ipo sheria ya Ulaya inayosogea taratibu kwenye makato hayo.

Ni ile ya mwaka 2023 inayozuia bidhaa zilizotokana na kufyeka misitu: kahawa, kakao, mbao, mpira, soya, mawese na ng'ombe. Ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, kahawa yake haiingii Ulaya. Mwagizaji lazima aonyeshe shamba lilipo. Likizidi hekta nne, mipaka yote inachorwa. Likiwa dogo, pointi moja ya GPS inatosha.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Msitu wa Mlima Rungwe na vyanzo vya maji vya Uporoto vikiisha, watakaolia ni sisi, si Brussels. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990 kwa jinsi tunavyotumia maji ya Usangu, na hilo hatukufanyiwa na mtu. Tena Tanzania, kama nchi maskini, inauza Ulaya bila ushuru tangu 2001, hata kahawa iliyokaangwa. Mnywaji naye ana haki ya kujua kikombe chake kimetoka wapi. Na kwa kuwa mibuni mingi ya Mbozi ni ya urithi, mashamba mengi yatapita bila shida.

Sasa kama yatapita, manung'uniko ni ya nini? Ukiwa mbali ni rahisi kudhani mkulima anataka aachiwe afyeke. Wasiwasi wake ni mwingine kabisa, na unaonekana ukipiga hesabu.

Chukua mwekezaji mwenye hekta 400. Anachora ramani moja, kazi imekwisha. Chukua hekta 400 hizohizo zikiwa za wakulima 500, kila mmoja na ekari zake mbili. Hapo zinatakiwa pointi 500, majina 500, vijana wa kuzunguka vitongojini na simu, na mahali pengine ndugu ambao hawajagawana shamba la marehemu baba yao, kila mmoja akitaka liandikwe kwa jina lake. Ardhi ni ileile, ila gharama ya kila kilo si ileile. Kisha kahawa ya hao 500 inachanganywa CPU, mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa, kwa hiyo mmoja asipojulikana shamba lake, mzigo mzima unaingia shaka. Sheria imeelekeza kwamba kiwango cha juu cha faini kwa kampuni kisipungue asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Ulaya. Ungekuwa wewe mnunuzi, ungempigia simu nani kwanza? Hakuna kifungu kinachomfukuza mkulima mdogo sokoni. Kinachofanyika ni kwamba amegeuzwa mtu wa gharama.

Kwenye karatasi mzigo ni wa mwagizaji. Lakini mwagizaji anamsukumia msafirishaji, msafirishaji anaisukumia AMCOS, na AMCOS haina wa kumsukumia ila mwanachama. Ipo miradi ya wafadhili inayosaidia kuchukua pointi, ni kweli, na inasaidia. Ila mradi una mwisho wake, na sheria haina.

Kinachonikera zaidi ni namna tarehe zilivyochezwa. Septemba 2023 nchi 17 zinazozalisha, zikiwamo Brazil, Indonesia na Ghana, ziliandikia Ulaya kulalamika kwamba hazikushirikishwa ipasavyo. Sheria ilikuwa imeshapita. Ilipangwa ianze kutumika Desemba 2024, ikasogezwa mwaka mmoja. Mwishoni mwa 2025 ikasogezwa tena hadi Desemba 2026, na sababu mojawapo ilikuwa mfumo wao wa kompyuta kuhofiwa kuzidiwa. Kompyuta yao ikapewa muda. Na waliposogeza mara ya pili, wakarahisisha: mzalishaji mdogo aliye katika nchi ya hatari ndogo atajaza tamko fupi mara moja tu. Nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya zimo katika kundi hilo. Waliojipanga mapema, kama tulivyohimizwa sote, ndio waliotangulia kutoa fedha.

Sisemi sheria ifutwe. Gharama ya pointi iandikwe waziwazi kwenye bei, isifichwe ndani ya makato. Takwimu za shamba zibaki mali ya AMCOS, mnunuzi apewe kwa makubaliano. Na fomu inayofuata ikitungwa, Bodi ya Kahawa iwe mezani tangu ukurasa wa kwanza, siyo kuitwa kwenye semina ya kufundishwa kuijaza. Mpaka sasa posho ya kijana anayezunguka Mbozi na simu bado haina mstari wake kwenye mkataba wa kuuza kahawa, na mimi ningeanzia hapo.