Mpiga stili apimwe mwimbaji akiwa bado anaimba

Niseme tu wazi kabla hamjanirukia kwenye komenti: mpiga gitaa la stili mi simpimi kwa solo. Solo kila mtu anajitahidi, kamera imemgeukia, watu wanapiga makofi, hata mtu wa kawaida hapo anaweza kuonekana fundi. Mi namwangalia wakati mwimbaji yuko katikati ya beti, hapo ndo unajua nani anajua kazi na nani anatafuta sifa, na ndo maana napenda zile klipu za zamani za TV za Marekani kuliko hata rekodi zenyewe, kwa sababu kwenye rekodi unasikia tu sauti inalia huko nyuma lakini kwenye TV unamwona jamaa akisubiri.

Sisi Wakenya kantri tunaipenda, hilo halina ubishi, Jumapili ukifungua redio utaipata tu, na kuna wazee hapa ukimgusia Jim Reeves anaacha chai. Lakini cha kuchekesha ni kwamba huyo Jim Reeves wetu, zile nyimbo zake laini zinazopendwa zaidi, stili karibu haimo, Nashville, ule mji wa Marekani zinakotengenezwa rekodi nyingi za kantri, wakati ule walikuwa wanaipunguza na kuweka vinanda na waitikiaji na fidla nyingi nyingi ili ziuzike kwa watu wa mjini. He'll Have to Go hamna stili. Anayetaka stili aende kwa Don Williams, zile rekodi zake za miaka ya 70, ile kitu inayoteleza pole pole nyuma ya sauti yake nyingi ni Lloyd Green. Watu wamemsikia Lloyd Green maisha yao yote na jina lake hawalijui, bana.

Sasa kwa wale wasioielewa hii ala. Haishikwi kama gitaa, inalazwa kama meza na mtu anakaa nyuma yake. Mkono wa kushoto una kipande cha chuma cha mviringo kinachotelezeshwa juu ya nyuzi, wa kulia umevaa piki, zile kucha bandia za kupigia nyuzi, moja ya dole gumba na mbili za vidole. Hiyo ndo nusu unayoiona. Chini ya meza kuna nusu nyingine: mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazovuta nyuzi fulani zipande, magoti yote mawili yanasukuma vyuma vinavyopandisha na kushusha nyuzi nyingine, mguu wa kulia uko kwenye pedali ya sauti. Huo mguu wa kulia ndo siri ya ule mlio wa kulia. Noti inapigwa sauti ikiwa chini kidogo, halafu kadiri uzi unavyokufa yeye anaongeza sauti taratibu, kwa hiyo wewe unasikia noti haifi. Yaani mtu mmoja anafanya kazi nne kwa wakati mmoja huku uso umetulia kama anasubiri matatu.

Na dairekta wa TV anafanya nini? Anakuonyesha mkono wa kushoto. Sekunde mbili. Halafu anarudi kwa mwimbaji. Nimetazama miaka yote sijui klipu ngapi na miguu huioni, labda kwa bahati tu kamera ikiwa mbali. Ni kama kutangaza mpira bila kuonyesha miguu ya wachezaji, mi hii kitu inaniudhi sana.

Turudi nyuma kidogo. Wa kwanza kwenye roho yangu ni Don Helms, aliyepiga na Hank Williams. Helms hakuwa na pedali hata moja, na akatafuta nafasi yake kule juu kwenye noti nyembamba, mbali na sauti ya Hank, ili wasigongane. Sikiliza Cold, Cold Heart au Your Cheatin' Heart, Hank anamaliza mstari, Helms anaingia na noti chache zinazokata kama wembe, anatoka. Hakuna hata moja ya ziada. Na ndiye huyo huyo aliyepiga kwenye Walkin' After Midnight ya Patsy Cline.

Halafu ikaja 1954 na Slowly ya Webb Pierce, mpiga stili akiwa Bud Isaacs. Pedali zilikuwepo hata kabla yake lakini wengi walizitumia kubadilisha tyuning tu, yaani noti ambazo nyuzi zimefungwa, unakanyaga halafu ndo unapiga. Isaacs akakanyaga nyuzi zikiwa zinalia, noti moja ikapanda huku zingine zimekaa palepale, na ule wimbo ukakaa namba moja wiki 17. Baada ya hapo kila mpiga stili Nashville alitaka pedali, wengine walitengeneza zao wenyewe gereji, na 1957 Shot Jackson na Buddy Emmons wakaanzisha kampuni ya Sho-Bud kuziuza. Karibu kila kitu unachosikia leo kwenye kantri kinatoka kwenye ule mguu wa Isaacs.

Kule California mambo yalikuwa tofauti kabisa. Ralph Mooney, mzee mzima huyu ndiye aliyeandika Crazy Arms na mwenzake, ile iliyompaisha Ray Price 1956, alikuwa na upigaji wa kurukaruka, noti fupi fupi zinakatwa kabla hazijanyooka, kama anacheka na wewe. Ukimtazama kwenye klipu za Waylon Jennings, na alikaa na Waylon kama miaka 20 hivi, hana makeke yoyote, amekaa tu, bendi inasukuma ule mdundo mzito na yeye anachomeka vitu katikati ambavyo hukuvitarajia. Waylon alikuwa anamwita Moon na alikuwa anamwachia nafasi kubwa, si kila staa anafanya hivyo. Wanaosema stili ni ala ya kilio tu hawajamsikia Mooney.

Tom Brumley wa Buck Owens naye ni mtu wa kilio lakini kilio chenye adabu. Together Again ya 1964, solo yake pale katikati hata mtoto angeweza kuiimba, haina mbio, anakanyaga pedali pole pole mpaka unasikia noti inavyopanda ngazi, na akimaliza hajaongeza kitu. Wapiga stili wenyewe mpaka leo wanaiheshimu hiyo solo kuliko zingine zenye noti mia, na mi nakubaliana nao.

Lakini mtu wangu hasa, ukinilazimisha nichague mmoja, ni John Hughey. Huyu alipiga na Conway Twitty karibu miaka 20 halafu akahamia kwa Vince Gill. Tafuta klipu yoyote ya live ya miaka ya 90 Vince akiimba Look at Us, ule mwanzo ni wa Hughey. Angalia ule mkono wa kushoto. Anaanza chini, halafu anatelezesha chuma kwenda juu kabisa ya shingo ya ala, kule ambako freti, ile mistari ya kuonyesha noti, zimebanana na ukikosea kidogo tu unatoka nje ya tyuni na nchi nzima inasikia, na akifika hasimami ghafla, anaitikisa ile chuma mbele na nyuma kidogo sana, noti inatetemeka kama sauti ya mtu anayejizuia asilie. Wenyewe upigaji wake waliuita stili inayolia. Wengi wangemalizia zile noti za juu kwa kukanyaga pedali kwa sababu pedali inakupeleka pale pale bila kukosea, yeye alipenda kwenda kwa mkono, na mkono ndo una ile njia ya katikati, noti zote ndogo ndogo zinazopitwa. Halafu Vince akianza kuimba tu Hughey anapungua, unamwona kabisa mguu unarudi nyuma, anabaki na noti mbili tatu za kuitikia. Vince mwenyewe anapiga gitaa kama jini lakini kwenye huo wimbo anamwachia mzee. Hiyo ndo klipu ningemwonyesha mtu ambaye hajui stili ni nini.

Najua kuna watu wa Buddy Emmons wameshaanza kununa. Tulieni. Emmons ni mkubwa, ndiye aliyeongeza nyuzi kwenye E9, ile tyuning ya stili ya kantri, ambazo kila mtu anazitumia sasa, na ukimsikia na Ray Price kwenye albamu ya Night Life ya 1963 utavua kofia. Ila kuna kizazi kizima kilichomuiga kwa mbio tu, wakachukua vidole vyake wakaacha masikio yake. Kama unataka mbio zenye akili mi nakupeleka kwa Buddy Charleton wa Texas Troubadours, bendi ya mwimbaji Ernest Tubb, kwenye kipindi cha TV cha Tubb miaka ya 60. Yeye na Leon Rhodes wa gitaa walikuwa wanapiga zile pisi za bila mwimbaji, swing tupu, karibu jazz, wanakimbia pamoja noti kwa noti na wote wanatabasamu kama hamna kitu. Halafu Tubb anaingia na ile sauti yake nzito isiyo na haraka, na Charleton huyo huyo anageuka mtu wa noti mbili. Hapo ndo namheshimu.

Pete Drake nimuweke wapi? Jamaa aliweka bomba mdomoni akaifanya stili iongee maneno, Forever ya 1964 ikapendwa sana, na kwenye TV ile kitu ilionekana kama uchawi. Mi inanichosha baada ya dakika moja. Lakini Drake huyo huyo ndiye yuko kwenye Stand by Your Man ya Tammy Wynette, na bomba hana, na pale hana mpinzani.

Barbara Mandrell lazima atajwe kwa sababu watu wanasahau. Alikuwa anapiga stili tangu mtoto, na kuanzia 1980 alipopata kipindi chake cha NBC na dada zake alikuwa anaikalia kabisa, nguo zinameta, na anapiga kweli. Sidhani kama kuna mtu mwingine aliyeingiza stili kwenye sebule nyingi vile wakati mmoja, na ilikuwa raha kumwona mwanamke anakaa kwenye kiti ambacho TV ilizoea kumpa mzee wa makamo.

Pale Grand Ole Opry, kile kipindi maarufu cha kantri cha Nashville, alikuwepo Weldon Myrick kwenye bendi ya nyumbani kwa miaka mingi. Kila usiku waimbaji tofauti, funguo tofauti, mazoezi kidogo sana au hamna. Yeye ndiye wa Once a Day ya Connie Smith, 1964, ile stili kali inayong'aa mbele kabisa, karibu inaimba naye bega kwa bega, na hapo nakubali inavunja sheria yangu ya stili kumpisha mwimbaji, ila Connie ana sauti kubwa kiasi kwamba ungeweka hata treni haimfuniki.

Siku hizi ukiangalia tuzo za kantri kwenye TV, stili ipo jukwaani, unaiona iko kule nyuma pembeni, moshi umeifunika, lakini kwenye miksi huisikii, ngoma na magitaa ya rock yamekula kila kitu. Basi si bora msiilete tu? Watu kama Paul Franklin wapo na wanapiga vizuri ajabu, tatizo si mafundi, tatizo ni anayekaa kwenye meza ya sauti. Na vingine si live hata kidogo, wanaigiza juu ya rekodi. Utajuaje? Angalia ile chuma ya mkono wa kushoto. Sauti ikipanda na chuma haijasogea inaweza kuwa ni pedali, sawa, hilo linaruhusiwa, lakini ukisikia mteremko mrefu mpaka kule juu na mkono umekaa freti ya tatu, funga hiyo video utafute nyingine.