Mfasiri apewe nusu yake, tena nusu kamili

Kuna malalamiko nayaonaga kila zikitangazwa tuzo kubwa za vitabu, eti kwa nini mfasiri anapewa hela sawa na mwandishi wakati hadithi hakuitunga yeye. Mimi niko upande wa mfasiri na siyumbi, na ukitaka kujua kwa nini angalia Bulgaria.

Tarehe 23 Mei 2023, London, mwandishi wa kule, Georgi Gospodinov, alichukua International Booker, tuzo ya vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiingereza, kwa riwaya ya Time Shelter, kitabu cha kwanza kabisa cha Kibulgaria kuibeba hiyo tuzo. Na kesho yake, tarehe 24, ndiyo sikukuu ya alfabeti yao ya Kikirili, siku ambayo watoto wa shule wanatoka na maua mikononi kuwaenzi Cyril na Methodius, ndugu wawili wanaohesabiwa waasisi wa maandishi hayo, yaani nchi ya watu kama milioni sita na nusu iliamkia sikukuu ya maandishi yake huku maandishi yake yakiwa yameshinda duniani. Raha iliyoje!

Sasa zile pauni 50,000 ziligawanywa pasu kwa pasu, nusu ya Gospodinov, nusu ya mfasiri wake Angela Rodel. Huyu Rodel ni Mmarekani, alivutwa Bulgaria na muziki wa kule, akalowea, na uraia akapewa. Majaji chini ya Leïla Slimani walisoma kitabu kwa Kiingereza, kwa hiyo kila sentensi iliyowagusa ilikuwa imepita mkononi mwake, neno kwa neno.

Na sio kazi nyepesi jamani. Riwaya yenyewe inahusu kliniki huko Zürich inayotibu watu waliopoteza kumbukumbu, kila ghorofa ni muongo wake, samani za wakati ule, sigara za wakati ule, magazeti ya wakati ule, mgonjwa akiingia anajiona yuko nyumbani, halafu na wazima wakaanza kupataka, mpaka nchi za Ulaya zikapiga kura za maoni kuchagua zirudi muongo gani. Humo ndani kuna mambo ya enzi za ukomunisti ambayo bibi wa pale Sofia, mji mkuu wao, anayashika papo hapo ila msomaji wa nje anaweza kupotea kabisa, na mfasiri ndiye anayemshika mkono bila kumsimamisha kila mstari kumwelezea.

Ushindi huo haukudondoka tu kutoka mbinguni. Riwaya ya Gospodinov ya The Physics of Sorrow ilitoka kwao 2011, ikafasiriwa, na 2016 ikapata tuzo ya Jan Michalski ya Uswisi. Time Shelter nayo kwa Kiitaliano ilipata Strega ya Ulaya, tuzo ya Italia, mwaka 2021, hapo hata ya Kiingereza ilikuwa haijatoka. Hata tuzo za nyumbani kama Helikon, inayotolewa kwa vitabu vipya vya nathari, nazithamini sana, maana ni za watu wanaosoma kazi katika lugha yake yenyewe na ndio wanaojua nani anaandika vizuri kabla wageni hawajasikia.

Watu watasema Bulgaria walishapata Nobel, Elias Canetti, 1981. Kweli, alizaliwa Ruse, mji wa Bulgaria, mwaka 1905, lakini aliandika kwa Kijerumani, kwa hiyo Kibulgaria chenyewe kilibaki nje ya mlango. Sisi tunaijua hiyo hali. Gurnah wetu wa Zanzibar alipata Nobel 2021 kwa kuandika Kiingereza, na Paradise ya 1994 tumekuja kuisoma kwa Kiswahili 2022, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Mimi natamani tuzo zetu za Kiswahili zitenge fungu la wafasiri, tena nono, na jina la kwanza nitakalopeleka ni lake.