Meza ya Nyanya Ina Wakubwa Wengi

Jamani, mtu bustani yake imezaa kuliko sufuria yake, anataka kutoa nyanya zake barabarani apate hela ya chumvi na sabuni. Mnadhani ni kuweka meza tu? Thubutu!

Anza na barabara yenyewe. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya mwaka 2007 inasema hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Zamani ilikuwa 22.5, angalau. Ukirudi mita 30, meza inaangukia jikoni kwa jirani, na mwenye gari haoni nyanya, anaona vumbi. Ndiyo maana wengi wamo ndani ya hifadhi wakiombea kesho isifike. Basi kama na wewe umo, usipigilie misumari. Mbao mbili, matofali na turubai vinatosha. Siku ya X nyekundu, ile alama ya bomoabomoa, mbao unajitwika. Kibanda cha bati unakiaga. Na usikae kwenye kona. Kaa karibu na tuta, gari linapopunguza mwendo lenyewe.

Kuna kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Kilipoanza Desemba 2018 kilikuwa shilingi 20,000, cha wale ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka. Milioni nne! Ukiisikia unajiona mheshimiwa. Sasa igawe kwa siku 365: elfu kumi na moja hivi kwa siku, tena mauzo, si faida. Mbegu, mbolea na dawa bado vinakudai.

Vipimo ndiyo usiseme. Sheria inataka kilo, na mizani ihakikiwe kila mwaka na kubandikwa stika ya Wakala wa Vipimo. Haya, weka mizani yako safi mezani, halafu msikilize mteja: "Fungu bei gani?" Fungu! Umweleze kilo, anahisi unamwibia kitaalamu. Na sado nayo ni kopo la rangi tu, haikuwahi kuwa kipimo, ila mtaani ina heshima kuliko mizani.

Na fungu nalo lina adabu zake. Chini nyanya tatu, juu moja. Ile ya juu ikiwa kubwa na za chini gololi, mteja atalibomoa lote mbele ya watu. Atalibomoa hata kama ni la haki. Anabonyeza moja kwa kidole gumba, anairudisha, anachukua fungu la pembeni. Wakibonyeza watatu tu, jioni nyanya hiyo ni masalo, imeshalainika, inauzwa kwa bei ya kuomba radhi.

Zinaozea mezani kwa sababu nyingine pia. Chuma asubuhi umande ukishakauka, nyanya zikiwa ndiyo zinaanza kugeuka rangi; zilizoiva kabisa hazivumilii hata safari ya toroli. Usizioshe wala kuzinyunyizia maji ziwe na mng'ao. Maji yanatuama pale kwenye kikonyo, kesho panaanza kuoza. Mchicha ni kinyume: bila kunyunyiziwa, saa tano umelala chali. Tatizo letu tunaviweka pamoja, tunashika kopo la maji na kubatiza meza nzima. Tenga ndoo ya mchicha, mashina ndani ya maji, kivulini.

Dawa nayo: chupa imeandikwa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zisome. Mtu anapuliza jana, leo anachuma, anajitetea eti mteja ataosha. Ataosha nini, na dawa nyingine huingia hadi ndani?

Papai ukiliuza zima, sawa. Ukilikata tu, umemwita bwana afya: cheti cha kupimwa afya, kila miezi sita, na kifuniko cha kuzuia nzi. Liache zima.

Mfuko wa plastiki wa kubebea ulipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na muuzaji naye anatozwa faini. Lakini mteja amekuja mikono mitupu, kanunua fungu la mia tano, anataka mfuko wa bure. Mwambie mbadala unauzwa, anakutazama hadi ujione fisadi.

Halafu akishalipa, hatoki. "Niongezee basi." Nyongeza haimo kwenye sheria yoyote, ila mnyime uone kama atarudi. Usitoe nyanya. Panda miche miwili ya pilipili pembeni ya bustani, ya kazi hiyo tu.